Dubu wa Agra: Ngoma Imekwisha, Deni Limebaki

Dubu si mnyama wa kwetu. Katika Afrika nzima, kusini ya jangwa la Sahara, hakuna dubu wa mwitu, na wale waliokuwa wakiishi katika milima ya Atlas, upande wa Moroko na Aljeria, walimalizika tangu karne ya 19. Hata hivyo jina lake tunalo, tena ni la zamani, kwani tumelipokea kutoka kwa Waarabu pamoja na elimu ya nyota. Mabaharia wa jahazi waliosafiri baina ya Lamu, Maskati na Bara Hindi walilijua kundi la nyota liitwalo Dubu Mkubwa, lile linaloonekana upande wa kaskazini. Nyota moja ya kundi hilo hata leo wataalamu wa dunia nzima huiita Dubhe, na neno hilo si jingine ila dubu.

Basi sisi watu wa pwani tumemjua dubu wa mbinguni kabla ya kumjua wa ardhini. Makala haya yanamhusu huyo wa ardhini, tena yule wa Bara Hindi aliyechezeshwa ngoma majiani kwa karne nyingi, na nyumba aliyojengewa alipofunguliwa kamba. Habari zake zafaa kusimuliwa katika ukurasa huu wa utamaduni, kwa sababu ugomvi wote juu yake ulikuwa ni ugomvi wa utamaduni: je, jambo tulilorithi kwa mababu laweza kuachwa, na likiachwa, aliyekuwa akilitegemea atakula wapi?

DUBU MWENYEWE

Dubu huyu huishi India, Nepal na Sri Lanka. Ni mnyama mweusi mwenye manyoya marefu yaliyotimka, na kifuani ana alama nyeupe mfano wa mwezi mwandamo. Dume aliyekomaa huweza kupita kilo 100. Kucha zake ni ndefu na zimepinda kama mundu, hata mtaalamu wa Kiingereza George Shaw, alipomwandika vitabuni mwaka 1791, alimdhania kuwa ni jamaa wa mnyama mwingine kabisa, yule mvivu wa Amerika ya Kusini anayening'inia mitini.

Chakula chake kikubwa ni mchwa na sisimizi, pamoja na matunda ya mwituni na asali. Mwenyezi Mungu amemuumba kwa kazi hiyo. Meno mawili ya mbele ya juu hana, ili pawe na pengo la kuvutia mchwa. Midomo yake huchomoza kama mrija, na pua zake huweza kuzifunga ili vumbi lisimwingie. Akishakipasua kichuguu kwa kucha, hupuliza vumbi kwanza, kisha huvuta kwa kishindo ambacho msituni husikika toka mbali. Mama naye huwabeba wanawe mgongoni, wameshikilia manyoya, mpaka wakue.

Nayasema haya kwa kirefu ili msomaji aelewe jambo moja. Karibu kila kitu anachohitaji dubu huyu kiko katika pua, midomo, meno na kucha zake, na ni viungo hivyo hivyo ambavyo binadamu aliviharibu ili apate kumchezesha.

NGOMA ISIYO NGOMA

Waliochezesha dubu katika Bara Hindi ni jamaa waitwao Wakalandar. Wengi wao ni Waislamu, na jina lao latokana na madarweshi wa zamani waliokuwa wakizunguka nchi hata nchi bila ya makazi wala mali. Wao wenyewe husimulia kwamba mababu zao waliwatumbuiza wafalme wa Kimogoli kwa dubu wao. Enzi za wafalme zilipokwisha, walihamia majiani. Mzee akifuatana na wanawe, kamba mkononi na kigoma kidogo chenye kiuno chembamba, alikwenda kijiji hadi kijiji, na siku hizi za magari alisimama kando ya barabara kuu ziendazo Agra na Jaipur, akiwangojea watalii.

Sisi hapa pwani tunajua ngoma ni nini. Mtu huingia uwanjani kwa sababu harusi imefika, au mwezi wa maulidi umeandama, au moyo umefurahi. Anayecheza hujua anachokicheza, na anayetazama hujua hivyo pia. Lakini dubu wa Kikalandar hakuwa na harusi wala furaha. Alitekwa angali mdogo, aghalabu baada ya mama yake kuuawa na wawindaji haramu, akauzwa. Alipokuwa na umri wa miezi michache tu, alitobolewa pua kwa sindano ya chuma iliyotiwa moto, bila ya dawa ya ganzi, na tunduni mkapitishwa kamba. Chonge zake zilivunjwa ili asiume. Kila kamba ilipovutwa, jeraha liliamka, naye akainuka kwa miguu miwili ili kulipunguza. Watu wakapiga makofi wakisema, tazama, anacheza!

Lugha yetu ina neno moja, kucheza, kwa ngoma na kwa michezo ya watoto. Mnyama yule hakuwa akifanya hilo wala lile. Alikuwa akikimbia maumivu, akiwa amesimama mahali pamoja.

Wala si ngoma tu. Wakalandar waliuza pia manyoya ya dubu, yakatiwa ndani ya hirizi ili kumkinga mvaaji na mashetani na husuda. Wazazi walitoa fedha ili mtoto mgonjwa apakiwe mgongoni mwa dubu apate nafuu. Msomaji wa pwani asicheke sana, maana na sisi hatukukosa hirizi zetu. Mganga wa Agra na mganga wa kwetu wana soko moja, soko la mtu mwenye hofu na asiye na daktari karibu.

ALIYOTUFUNDISHA MWALIMU CHUONI

Ambaye amesoma chuo utotoni hawezi kuyasikia habari hizi asiyakumbuke mafundisho ya mwalimu wake. Tulifundishwa kwamba Mtume, Sala na Salamu zimshukie, alikataza mnyama kuchomwa alama ya moto usoni. Tulifundishwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumpa chakula wala hakumwacha ajitafutie. Tukafundishwa na ile ya mtu aliyeshuka kisimani akampa maji mbwa mwenye kiu, akasamehewa madhambi yake.

Hayo Wakalandar nao waliyajua, kwani dini ni moja na misikiti ni ile ile. Kwa nini basi walimtoboa dubu pua? Mwenye kutaka jibu jepesi atasema ni ukatili. Lakini ukatazama vizuri utaona kwamba mtu yule hakuwa na shamba, hakuwa na shule na hakuwa na ufundi mwingine. Baba yake alimwachia kamba, kigoma na dubu. Katika familia nyingi dubu mmoja aliwalisha watu wengi, na jioni watoto wa mwenyewe na dubu walilala njaa pamoja au walishiba pamoja. Njaa ni mwalimu mkali, na hufuta maandishi mengi ya ubaoni.

SHERIA NA TUMBO

Serikali ya India ilipitisha sheria ya kuwalinda wanyama wa mwitu mwaka 1972. Kwa sheria hiyo, kumkamata dubu na kumchezesha kukawa ni kosa. Lakini ngoma haikukoma. Miaka zaidi ya 20 baadaye, katika miaka ya 1990, ilikisiwa kwamba dubu wapatao 1,200 walikuwa bado wakitembezwa kwa kamba. Polisi angefanya nini? Akimkamata mzee, atamweka wapi dubu? Hawezi kumrudisha mwituni mnyama aliyevunjwa meno na asiyewahi kufundishwa na mama yake kupasua kichuguu. Na akimnyang'anya mzee dubu bila ya kumpa badala, kesho mzee atanunua mtoto mwingine wa dubu, na mama mwingine atauawa msituni.

Waliolifumbua fumbo hilo ni watu wawili wa India, Kartick Satyanarayan na Geeta Seshamani, walioanzisha chama kiitwacho Wildlife SOS mwaka 1995. Shauri lao lilikuwa la namna mbili kwa pamoja. Kwanza, pajengwe nyumba ya kuwapokea dubu. Pili, kila Mkalandar anayemtoa dubu wake kwa hiari atie sahihi kwamba hatarudia kazi ile, naye apewe mtaji na mafunzo ya kazi nyingine. Wako walionunua tuktuk, wako waliofungua viduka, na wako walioajiriwa na kituo chenyewe kuwatunza dubu. Wanawake walifundishwa kushona na kutarizi wakapata fedha zao wenyewe, na watoto, ambao zamani wangerithi kamba, walipelekwa shule.

Nyumba ilijengwa kwa kushirikiana na idara ya misitu ya jimbo la Uttar Pradesh, ndani ya hifadhi ya ndege ya Sur Sarovar, kando ya ziwa Keetham, katika njia itokayo Agra kwenda Delhi. Dubu wa kwanza waliingia mwishoni mwa mwaka 2002. Vituo vingine vilifuata Bannerghatta karibu na Bangalore, Bhopal, na Purulia katika Bengal ya Magharibi. Mwezi wa Desemba 2009 akaletwa Bannerghatta dubu aitwaye Raju, naye akatangazwa kuwa ndiye wa mwisho kuchezeshwa majiani India. Jumla ya waliofunguliwa kamba ilipita 600. Nchini Nepal wawili wa mwisho waliojulikana, Rangila na Sridevi, walichukuliwa mwezi wa Desemba 2017. Sridevi hakuishi sana, bali Rangila alivushwa mpaka mwaka uliofuata akafikishwa Agra.

UJI WA ASUBUHI

Sasa tuitazame nyumba yenyewe, kwani watu wengi hudhani kwamba kumwokoa mnyama ni kuikata kamba tu. Kukata kamba ni kazi ya saa moja. Daktari humlaza dubu kwa nusukaputi, huikata, huitoa taratibu ili nyama isichanike, kisha husafisha tundu ambalo pengine lina usaha wa miaka. Kumtunza baada ya hapo ni kazi ya miaka 20.

Mgeni hutengwa kwanza mpaka ajulikane ana maradhi gani. Ugonjwa unaoogopwa mno ni kifua kikuu, ambao dubu waliupata kwa kuishi na binadamu katika vibanda na misongamano ya watu. Wengi wao walikuwa vipofu au wenye macho mabovu, kwa sababu ya kukosa lishe na kupigwa. Mizizi ya meno yaliyovunjwa ilikuwa imeoza taya, ikabidi wafanyiwe upasuaji.

Kisha ni chakula. Asubuhi na jioni dubu hupikiwa uji mzito wa nafaka, ukatiwa asali ndani yake. Adhuhuri ni zamu ya matunda, na tikiti maji ndilo linalopendwa kupita yote. Atakayesoma atauliza, kwa nini uji? Ni kwa sababu asiye na meno hawezi kutafuna, na kumpatia mnyama mmoja mchwa wa kumtosha kila siku ni jambo lisilowezekana.

Lakini tumbo likishiba, akili nayo hutaka kazi. Dubu wengi walipofika, ingawa hawakuwa na kamba tena, walikuwa wakitikisa kichwa kulia na kushoto kutwa kucha, au wakienda hatua zile zile na kurudi, kana kwamba kamba ingalipo. Madaktari huuita huo ugonjwa wa kufungwa. Dawa yake haimo chupani. Walezi huficha asali katika magogo yaliyotobolewa, hutawanya tende na njugu chini ya mawe, hujenga majukwaa ya kupanda, hutundika vitanda vya bembea, na huchimba vidimbwi vya kuogea. Kila siku dubu apate kutafuta, kunusa na kuchimba, kama ambavyo angefanya msituni. Ndipo kidogo kidogo kichwa huacha kutikisika. Wengine hakiachi kabisa.

Hali ya hewa ya Agra nayo ni mtihani. Wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 45, hapo matunda hugandishwa ndani ya barafu, na maji hurashwa mitini. Wakati wa baridi hutandikwa majani makavu, na uji hutolewa ukiwa moto. Kadhalika dubu hufunzwa kutoa mkono kupitia matundu ya chuma ili atolewe damu ya kupimwa, na akitulia hupewa asali. Hapigwi wala halazimishwi, na asipotaka huachwa aende zake. Fikiria, msomaji: mnyama ambaye mkono wa binadamu ulimtoboa pua, leo anampa binadamu mkono wake kwa hiari.

SOMO KWA MGENI

Kituo hupokea wageni na wanafunzi, lakini si bustani ya burudani. Mgeni hutazama kwa mbali na hamgusi dubu, wala hapigi picha akiwa amemkumbatia. Anaonyeshwa na kuelezwa namna kamba ilivyokuwa ikitiwa. Wapo wanaotoka wamekasirika kwa kutowaona dubu karibu. Hilo ndilo somo lenyewe. Mtalii aliyesimamisha gari njiani na kutupa rupia chache ili aone ngoma ndiye aliyekuwa akilipia ile sindano ya moto, ingawa hakuishika. Soko lisingekuwapo, na kamba isingekuwapo.

Kuna swali ambalo watu wenye akili huliuliza, nalo lafaa kujibiwa. Je, huku si kumtoa mnyama kifungo kimoja na kumtia kingine? Ukuta ni ukuta hata ukipandwa miti. Wenye kituo hawalikatai hilo. Asiyeweza kurudi msituni hana uhuru kamili, ana utulivu tu. Nyumba hii haikujengwa ili idumu imejaa. Dubu wa ngoma ni wazee sasa na kila mwaka wanapungua, na nafasi zao huchukuliwa na wachache walionaswa mitegoni au waliojeruhiwa. Hospitali nzuri hutamani wagonjwa waishe, na nyumba hii nayo hufurahi vyumba vyake vikibaki vitupu kwa sababu hakuna tena anayetekwa.

KUTOA NI MOYO

Gharama zote hizi hulipwa na nani? Sehemu kubwa hutoka kwa wafadhili: chama cha Free the Bears cha Australia, International Animal Rescue cha Uingereza, One Voice cha Ufaransa, na watu binafsi wanaotoa kidogo kidogo. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini moyo wa mfadhili una tabia yake. Siku kamba inapokatwa, picha huenea na fedha huja. Miaka 15 baadaye, dubu yule yule ni mzee kipofu anayelala kutwa, hana picha ya kupendeza, na uji wake bado wataka asali na kuni. Hapo ndipo moyo hupimwa.

Mzigo wa namna hii hata kwetu Kenya tunaujua. Huko Laikipia, katika hifadhi ya Ol Pejeta, kuna makao ya sokwe yaliyofunguliwa mwaka 1993 kwa sokwe walioletwa kutoka Burundi wakati wa vita. Sokwe si mnyama wa Kenya, naye huishi miaka mingi, tena hula kila siku. Na Lamu, mwaka 1987, wafadhili wa Uingereza walifungua nyumba ya matibabu ya punda. Hapo tofauti yake na Agra inafaa kutazamwa. Punda wa Lamu hakunyang'anywa mwenyewe. Anatibiwa kidonda kilichochimbwa na shogi, anapewa dawa ya minyoo, kisha anarudi kazini kubeba mawe na mchanga, na mwenyewe hufunzwa kumtunza vizuri zaidi. Hilo liliwezekana kwa punda kwa sababu kazi yake yaweza kufanywa bila ya ukatili. Ngoma ya dubu haikuweza. Ukiondoa kamba na maumivu, ngoma yenyewe haipo.

Kwa hiyo mwenye kusema kwamba kila jambo la jadi lilindwe, na mwenye kusema kwamba kila jambo la jadi lifutwe, wote wawili wapime kwa kipimo hicho. Jambo likibaki na uzuri wake baada ya kuondolewa dhuluma, litengenezwe, lisitupwe. Likiwa dhuluma ndiyo roho yake, liachwe. Lakini aachishwaye asiachwe mikono mitupu, kwani sheria ya mwaka 1972 ilikaa miaka mingi kama karatasi tu, mpaka alipotokea mtu wa kumuuliza Mkalandar, na wewe utakula nini?

Huko India deni bado halijaisha. Dubu wazee bado wanangojea uji wa kesho, na wajukuu wa wachezeshaji bado wanahitaji ada za shule mpaka wamalize. Nakomea hapa kwa ubeti mmoja nilioutunga kwa ajili yao wote:

Kamba hata ikitoka, kovu lake husalia,
Mnyama akiteseka, nani atamwamulia?
Mwenye naye kadhalika, njaa yamshambulia,
Wawili walofungika, kwa pamoja fungulia.